Panya wa darini ni mgeni

Ndugu mkulima, panya tulio nao Lushoto hawana asili moja. Panya shamba, yule anayefukua mbegu za mahindi ukishapanda, ni wa Afrika. Panya mweusi anayekimbia darini asili yake ni India. Alikuja pwani kwa vyombo vya baharini zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na paka wetu hawajammaliza hadi leo.

Hawa wawili hukutana nyumbani kwako baada ya mavuno, mahindi yakishapandishwa darini, na viroboto huhama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Tauni iliingia wilayani kwetu mwaka 1980. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 walikuwa wameugua watu zaidi ya 7,000 na kufa mamia, wengi wakiwa wanawake na watoto.

Kwa hiyo ukiona panya wanakufa ovyo, usiwaguse wala usikimbilie sumu. Panya akifa, kiroboto hutafuta damu nyingine, na wewe umelala chini hapo hapo. Toa taarifa zahanati na kwa mtendaji wa kijiji, viroboto washughulikiwe kwanza. Mitego na sumu baadaye. Na kicheche ukimkuta shambani mwache. Ananuka, lakini anakula panya.