Autokrosi: Mashindano ya Gari la Nyumbani

Autokrosi ni mchezo wa magari ambamo kila gari hukimbia peke yake, likishindana na saa, kwenye njia iliyochorwa kwa koni za plastiki juu ya uwanja wa lami au zege. Mzunguko mmoja huchukua takriban nusu dakika hadi dakika moja, na mwendo wa juu kabisa haupiti sana ule wa barabara kuu. Katika kanuni za Marekani, koni ikiangushwa au ikitolewa nje ya alama zake, dereva huongezewa sekunde 2. Hiyo ni adhabu kali, kwa kuwa mshindi na wa pili mara nyingi hutenganishwa na sehemu ya kumi ya sekunde, au chini ya hapo.

Historia yake nchini Marekani inakwenda pamoja na ile ya SCCA, klabu ya wapenzi wa magari madogo ya kasi iliyoundwa mwaka 1944. Miaka ya mwanzo mbio zilifanyika katika barabara za kawaida. Huko Watkins Glen, jimbo la New York, zilianza mwaka 1948, lakini mwaka 1952 gari lilivamia watazamaji na mtoto wa miaka 7 akapoteza maisha. Mbio zikaondolewa mitaani. Jenerali Curtis LeMay, mkuu wa kikosi cha ndege za mabomu na mpenzi wa magari hayo, akaruhusu klabu itumie viwanja vya jeshi hadi mwaka 1954. Madereva wakapata zege pana, tambarare, lisilo na miti wala kuta. Kwa watu wa kipato cha kawaida mabadiliko hayo yalikuwa na maana kubwa: penye nafasi ya kutosha na koni za kugonga, kosa la dereva halivunji gari.

Katika miaka hiyohiyo vilabu vya mitaa vilikuwa vikiandaa michezo midogo kwenye maegesho ya magari, mingine ikiwa ya kupima ustadi wa kurudi nyuma na kuegesha. Taratibu majaribio hayo ya ustadi yalipungua, saa ikabaki kuwa mwamuzi. Mwaka 1973 SCCA iliandaa ubingwa wa kwanza wa kitaifa wa mchezo huo, ambao yenyewe huuita Solo.

Uingereza ilishika njia nyingine. Huko autokrosi hukimbiwa kwenye majani na udongo, na kutoka kwake ulizaliwa mchezo wa rallycross, ulioanza mwaka 1967 katika uwanja wa Lydden Hill kwa ajili ya televisheni. Kenya pia hushindana kwenye vumbi, na autokrosi yake imekuwa shule ya madereva ambao baadaye hupanda hadi mbio ndefu za rali.

Kilichoufanya mchezo wa Marekani ubaki mikononi mwa watu wa kawaida ni mgawanyo wa madaraja. Bila huo, mwenye fedha nyingi angeshinda kila Jumapili. Daraja la magari ya barabarani huruhusu mabadiliko machache tu: shokapu, pedi za breki, chujio la hewa, sehemu ya nyuma ya ekzosi, na upau mmoja wa kupunguza kulala kwa bodi kwenye kona, wa mbele au wa nyuma. Tairi lazima ziwe na kiwango cha uimara kisichopungua 200, namba inayosomeka ubavuni mwa tairi. Juu yake kuna madaraja yanayoruhusu zaidi, hadi magari yaliyojengwa kwa ajili ya mchezo pekee. Ndani ya mpango huu Mazda MX-5, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, ilipata umaarufu mkubwa: nyepesi, huendeshwa na magurudumu ya nyuma, na vipuri vyake hupatikana bila taabu.

Kabla ya kukimbia, gari hukaguliwa. Mkaguzi hutikisa gurudumu kusikia kama beringi imelegea, hukanyaga breki, huangalia kama pedali ya mafuta inarudi yenyewe, kama betri imefungwa barabara na kama oili inavuja. Yote haya mtu mwenye jeki, spana na subira anaweza kuyaandaa uani kwake. Kazi inayolipa zaidi ni ile isiyoonekana: kubadilisha mafuta ya breki, kurekebisha pembe za magurudumu, kupima upepo wa tairi kila baada ya mzunguko. Anayelitunza gari mwenyewe huijua sauti yake, na hugundua hitilafu mapema kuliko fundi anayeliona mara mbili kwa mwaka.

Siku ya mashindano hakuna watumishi wa kulipwa wa kutosha. Dereva akimaliza zamu yake huenda kusimama uwanjani, kuinua koni zilizoanguka na kuripoti makosa ya wenzake, na hilo hushusha ada.

Tangu mwaka 2009 ubingwa wa kitaifa hufanyika Lincoln, Nebraska, juu ya zege la iliyokuwa kambi ya ndege za mabomu. Zaidi ya madereva 1,000 hushiriki. Kila mmoja hupewa mizunguko 3 kwenye njia moja na mingine 3 kwenye njia ya pili siku inayofuata, kisha muda wake bora wa kila siku hujumlishwa. Wengi hushirikiana gari, watu wawili kwa gari moja. Mmoja akishuka, mwenzake hunyunyizia tairi maji zipoe kabla hajashika usukani.