Nani Huvunja Mzunguko

Ukisimama kwenye mibuni ya Kalinzi, Kigoma, ukaelekeza uso ziwani, Gombe, hifadhi ya sokwe, iko nyuma ya milima. Mwaka 2017 milima hiyo ilipata muziki mpya. Brett Morgen aliijenga filamu yake kuhusu Jane Goodall, Jane, kwa picha alizopiga Hugo van Lawick huko Gombe miaka ya 1960. Picha hizo hazikuwa na sauti. Kelele za sokwe na wadudu zilitiwa baadaye, na muziki akautunga Philip Glass. Baada ya kuisikiliza nilirudi kwenye santuri ya zamani zaidi, Mindif, ambayo mpiga piano wa jazi Abdullah Ibrahim wa Cape Town aliitunga kwa ajili ya Chocolat, filamu ya Claire Denis ya mwaka 1988. Mindif ni mji wa kaskazini mwa Kameruni, na hadithi inatokea huko.

Watunzi hawa wote wawili hupenda kurudia, ila marudio yao hayakutoka tumbo moja. Glass alikuwa Paris katikati ya miaka ya 1960 alipoajiriwa kuuandika kwa nota muziki wa Ravi Shankar wa filamu ya Chappaqua. Nota alizosomea hazikuutosha mdundo wa Kihindi, ikambidi ajifunze kuhesabu upya. Ibrahim, aliyezaliwa mwaka 1934, alikulia katika nyimbo za kanisa la Kimethodisti la AME na katika marabi, muziki wa vilabu vya pombe vya Afrika Kusini, ambao vikodi vyake vichache huzunguka usiku kucha. Mmoja aliuendea mzunguko akiwa mtu mzima, kwa bidii ya mwanafunzi. Mwingine aliukuta nyumbani. Sioni kwamba njia moja ni duni.

Kwa majirani zetu Warundi, ambao lugha yao na Kiha chetu ni ndugu, mzunguko una sheria zilizo wazi. Ngoma ziitwazo amashakwe hushika mdundo mmoja bila kulegea. Inkiranya, ngoma ya katikati, huongoza, na ibishikiso huifuata. Wapigaji hutoka kwa zamu, wakaruka, wakacheza, kisha wakaipiga inkiranya.

Hapo ndipo ninapoona tofauti yenye uzito: nani ana haki ya kuuvunja mzunguko? Kwenye ngoma ni yule aliyefikiwa na zamu. Kwenye Mindif ni vivyo hivyo: Billy Higgins anashikilia mdundo, na saksafoni ya Ricky Ford au tromboni ya Benny Powell inajitokeza kusema lake. Kwa Glass hakuna anayetoka mstarini. Vinanda vyake vinakwenda pamoja kama mawimbi ya Tanganyika, na picha ikibadilika ndipo navyo hubadilika. Ni utii wenye heshima yake, lakini nikiisikiliza Jane bila picha huwa namtafuta aliyeondoka. Mindif sijawahi kuisikiliza hivyo.

Chocolat inaisha kwa wapakizi watatu wa uwanja wa ndege, wamesimama wakizungumza, migongo yao ikituelekea. Ukimya wa Gombe ulitokana na kamera, ukajazwa. Huu wa Kameruni Denis aliuchagua mwenyewe: maneno ya wale watu hatuyasikii, na Ibrahim, anapowapigia, hajaribu kuwasemea.