Dawa Iliyokuwa Ng'ambo ya Lhubiriha

Mgonjwa wa mpakani, kwa desturi, huelekea mashariki. Mtu wa Kasindi akizidiwa, jamaa zake humpakia bodaboda, wakavuka daraja la Mpondwe na kumfikisha hospitali ya Bwera. Ikishindikana, husonga mbele hadi Kagando, hospitali ya misheni iliyo upande wa kuelekea mjini Kasese. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo husikilizana lugha, wameoana na kuzikana tangu kabla wakoloni hawajauchora mpaka, na hakuna anayeshangaa mtoto akizaliwa upande mmoja wa Mto Lhubiriha na kuchanjwa upande wa pili. Ila Juni 2019 safari iligeuka. Mgonjwa wa Ebola alitolewa Bwera akarudishwa magharibi, Kongo, na moja ya sababu ilikuwa kwamba dawa iko huko.

Tangazo lilitoka Jumanne, 11 Juni, siku ambayo Mpondwe huwa na soko. Waziri wa Afya wa Uganda, Dkt. Jane Ruth Aceng, alithibitisha kwamba mtoto wa miaka 5 aliyeingia nchini siku mbili kabla ameugua Ebola. Familia yake ilikuwa imetoka kumuuguza na kumzika babu huko Kongo. Walikwenda kwanza Kagando, na wahudumu wa pale, badala ya kumwandikia dawa ya malaria na kumruhusu, walitilia shaka dalili zake wakamhamishia kituo cha kutenga wagonjwa cha Bwera. Sampuli ilipimwa na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe. Shaka hiyo ya Kagando haikuja kwa bahati: kwa miezi kadhaa Uganda ilikuwa imewachanja wahudumu wa afya karibu 4,700 katika wilaya za mpakani, kabla ya mgonjwa hata mmoja kuonekana, na waliochanjwa walikuwa wamefundishwa pia cha kutazama.

Mtoto alifariki. Kabla ya wiki ile kwisha bibi yake naye akafariki. Ndugu yake wa miaka 3, aliyekuwa ameambukizwa, ndiye aliyebaki, na wizara za afya za nchi mbili zikakubaliana arudishwe Kongo pamoja na jamaa zake: wengine wa ukoo walikuwa wakiuguzwa huko, na huko ndiko dawa za majaribio zilikokuwa zikitolewa. Naye hakupona. Huku Kasese siku za soko zikasitishwa na mikusanyiko ikapigwa marufuku, watu wakaambiwa waache kupeana mikono, na chanjo ikaanza kutolewa kwa waliokutana na wagonjwa na kwa waliokutana na hao.

Dawa zenyewe zilikuwa nne, na jaribio lake lilikuwa na jina ambalo muuza samaki wa Mpondwe angelielewa bila mkalimani: Pamoja Tulinde Maisha. Lilianza Novemba 2018 katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, mji ambao mlipuko ulitangazwa karibu nao tarehe 1 Agosti mwaka huo. Moja ya dawa hizo, iliyoitwa mAb114, ina historia ndefu kuliko zote, na katika sehemu moja historia hiyo inapita Uganda kwa njia ambayo ni wachache waliowahi kuisimulia.

Ianzie Kikwit, Kongo, mwaka 1995. Ebola iliwapata watu zaidi ya 300 mjini humo na wengi wao wakafa. Profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye mwaka 1976 alikuwa amefika Yambuku na kuchukua damu ya wagonjwa bila glavu akiwa hajui anashika nini, alifikiria jambo jepesi. Waliopona walikuwa na kitu katika damu kilichowaponya, basi kwa nini wasigawiwe wengine? Wagonjwa 8 waliongezewa damu ya waliopona, na 7 kati yao wakapona. Wataalamu wa nje hawakuridhika. Walisema wagonjwa wale walikuwa wachache, hawakuwekwa sambamba na wengine wasiopewa damu, tena walihudumiwa mlipuko ukiwa umeanza kutulia na uangalizi umekuwa bora. Walikuwa na hoja, ingawa sauti zao zilikuwa na ukavu ambao mtu hujiuliza kama wangekuwa nao iwapo kazi ile ingefanywa Paris.

Miaka 11 baadaye, mtu mmoja aliyepona Kikwit alitolewa damu tena. Mwili husahau polepole kuliko tunavyodhani, kwani ndani ya damu ile bado mlikuwa na seli za kinga zinazoikumbuka Ebola na kuweza kutengeneza kingamwili dhidi yake. Kazi ya kuzitafuta ilifanywa na watafiti wa timu ya Nancy Sullivan wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani wakishirikiana na wenzao wa Bellinzona, Uswisi, wa maabara ya Antonio Lanzavecchia. Tatizo lilikuwa kwamba seli hizo zikitolewa mwilini na kuwekwa katika chombo cha maabara hufa upesi. Lazima zifanywe ziishi na kuzaana ili kila moja ichunguzwe inatengeneza nini. Dawa ya tatizo hilo ilikuwa kirusi kingine, kile cha Epstein-Barr, ambacho kikiingia katika seli za aina hiyo huzifanya zizaane bila kukoma.

Na kirusi hicho kilijulikana kutokana na watoto wa Uganda. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyetoka Ireland na kufanya kazi Mulago, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa saratani unaovimbisha mataya ya watoto. Machi 1961 alitoa mhadhara London, na mmoja wa waliomsikiliza, Anthony Epstein, akatoka akiwa na hakika kwamba kuna kirusi nyuma ya uvimbe ule. Wakaanza kumtumia vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Uganda. Kwa muda mrefu hakuona kitu. Kisha Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kutoka kwa msichana wa miaka 9 ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikageuziwa Manchester. Chupa ilipofika hatimaye, maji yake yalikuwa yamechafuka, na mtu mwingine angeitupa akidhani bakteria wameingia. Epstein alitazama kwa hadubini akaona seli zilizo hai zikielea. Kutoka kwa seli hizo yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walikikuta kirusi mwaka 1964. Kinaitwa kwa majina ya wawili kati yao. Msichana yule hakuna anayemtaja, na hata Mulago haitajwi sana.

Basi saratani ya mtoto wa Uganda ilitoa chombo cha kuzifanya seli za Mkongo ziseme zilichokumbuka. Katika kingamwili zilizopatikana, moja, ndiyo hiyo mAb114, ilionekana kushika sehemu ile hasa ambayo kirusi cha Ebola hutumia kujishikiza ndani ya seli za binadamu. Ikishikwa hapo, ni kama kitasa kilichozibwa nta, ufunguo hauingii. Maelekezo yake ya kijeni yalipandikizwa katika seli za panya aina ya hamsta wa China, zinazotumika viwandani kutengeneza dawa za aina hii kwa wingi. Nyani walioambukizwa Ebola waliponywa hata walipochelewa siku 5 kupewa. Mwezi Mei 2018 ikaanza kujaribiwa kwa watu wazima wenye afya Marekani, na Agosti, miezi mitatu tu baadaye, wagonjwa wa Beni wakaanza kupewa kwa huruma, yaani nje ya jaribio, kwa kuwa hapakuwa na dawa iliyothibitishwa ya kuwapa.

Huruma, hata hivyo, haijibu swali la Kikwit. Afrika Magharibi mwaka 2015 dawa ya ZMapp, mchanganyiko wa kingamwili tatu zinazotengenezwa ndani ya majani ya tumbaku, ilijaribiwa kwa wagonjwa 72, mlipuko ukaisha kabla ya jibu la uhakika. Safari hii Muyembe na wenzake waliamua kufuata kanuni tangu mwanzo: kila mgonjwa aliyekubali aliangukia dawa kwa kura, si kwa chaguo la daktari. Palikuwa na ZMapp, mAb114, remdesivir ambayo ni dawa ya kemikali, na kuanzia Januari 2019 REGN-EB3, kingamwili tatu kutoka kwa panya waliobadilishwa ili mfumo wao wa kinga ufanane na wa binadamu. Wote walipewa maji ya dripu, chumvi za mwili na dawa za maambukizi mengine. Tofauti za kazi hazikuwa ndogo kwa muuguzi aliyevaa mavazi ya kujikinga katika joto la Beni: ZMapp ilitaka dripu tatu, kila moja ikichukua saa nyingi, mAb114 ilikuja kama unga mkavu ikatundikwa mara moja tu.

Haya yalifanyika vitani. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Aprili, Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi akiwa hospitalini Butembo. Kuna vijiji vilivyoamini kwamba Ebola imeletwa na wanaotaka fedha zake, na neno "jaribio" halikuwasaidia wahudumu. Lakini wagonjwa 681 walijiunga, idadi ambayo Afrika Magharibi, yenye wagonjwa wengi mara nyingi zaidi, haikuikaribia.

Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu jibu lilikuwa limeonekana. Waliopewa ZMapp walikufa karibu asilimia 50, wa remdesivir 53, wa mAb114 asilimia 35 na wa REGN-EB3 asilimia 33.5. Ukiishia hapo utasema dawa ni nzuri kiasi. Tazama sasa waliofika wakiwa na virusi vichache katika damu: kwa kingamwili hizo mbili, waliokufa walikuwa mmoja hivi kati ya kila kumi. Na kila siku moja ambayo mgonjwa alichelewa baada ya dalili kuanza, uwezekano wa kufa uliongezeka kwa asilimia 11.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayoihusu Bwera kuliko zote, kwa maana mpaka ni mashine ya kuchelewesha. Mwisho wa Agosti mwaka huohuo msichana wa miaka 9 alivuka na mama yake kutafuta matibabu. Wapimaji wa joto pale Mpondwe walimwona ana dalili, wakamsimamisha, akapelekwa Bwera, na majibu ya Ebola yakatoka siku iliyofuata. Ukaguzi ulifanya kazi yake vizuri kabisa. Siku moja baadaye alikuwa amefariki. Alikuja kwa njia rasmi. Wangapi wakati ule walipita njia za panya, wakivuka mto kwa miguu ili wasihojiwe, wanajua wenyewe.

Ushindi wa kingamwili nao una mpaka wake. Mwanamume mmoja wa Kivu Kaskazini aliyetibiwa kwa mAb114 akapona aliugua tena Novemba 2019, akafa, na mnyororo wa watu 91 ukaanzia kwake. Kabla ya hapo muuguzi mmoja wa Scotland alirudiwa na Ebola miezi kadhaa baada ya kupona, safari hii ikiwa ndani ya maji ya ubongo. Ubongo umezungushiwa ukuta ambao kingamwili za dripu huupita kwa shida, na nyuma ya ukuta huo kirusi kinaweza kujificha.

Ukuta uleule unawasumbua madaktari wa saratani. Huko Boston na Philadelphia wanaochunguza uvimbe wa ubongo unaorudi, ule wa glioblastoma, wamechukua seli za kinga za mgonjwa, wakazipandikiza maelekezo mapya, wakazirudisha moja kwa moja ndani ya maji ya ubongo badala ya mshipani. Machi 2024 watafiti wa Boston walieleza habari za wagonjwa 3 wa kwanza: uvimbe ulisinyaa ndani ya siku chache, kisha kwa wawili ukarudi. Ni watu watatu tu. Ndivyo ilivyokuwa Kikwit na watu wake 8, isipokuwa Boston haikuambiwa kwa ukali uleule kwamba hesabu haitoshi.

Marekani iliidhinisha REGN-EB3 Oktoba 2020 na mAb114 Desemba mwaka huo, kwa majina ya biashara Inmazeb na Ebanga. Shirika la Afya Duniani likazipendekeza Agosti 2022. Madaktari Wasio na Mipaka wamelalamika tangu hapo kwamba akiba karibu yote imewekwa Marekani, ikilindwa dhidi ya shambulio la silaha za kibayolojia, huku mlipuko wa kweli ukisubiri ndege. Lalamiko hilo ni la haki. Hata hivyo lina upofu wake, kwa kuwa dawa hizi mbili zinaua aina moja tu ya Ebola, ile ya Zaire. Uganda iligundua hilo kwa uchungu Septemba 2022 Mubende, ambako aina ya Sudan iliwapata watu 142 waliothibitishwa, na tena Kampala Januari 2025, ilipobidi waanze upya na jaribio la chanjo walilolipa jina la Tokomeza. Kwa aina ya Sudan hadi sasa kuna mchanganyiko wa kingamwili mbili, MBP134, ambao wagonjwa kadhaa wa 2022 walipewa kwa huruma, kama Beni ya mwanzo.

Na ipo aina ya tatu ya Ebola. Iligunduliwa mwaka 2007 upande wa pili wa Rwenzori, milima ambayo mtu wa Kasese huiona kila asubuhi isiyo na mawingu, na ikapewa jina la wilaya jirani: Bundibugyo. Hizi dawa mbili zilizoidhinishwa haziigusi.