Ufipa: Nchi ya wayeyusha chuma iliyofunikwa na jina la Sumbawanga

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

UKITAJA Sumbawanga mbele ya Mtanzania ambaye hajawahi kufika huko, mara nyingi utajibiwa kwa utani kuhusu uchawi. Chanzo ni jina lenyewe, ambalo husimuliwa kuwa linatokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya "tupa uchawi". Jina linalomtaka mgeni auache uchawi nje ya mji limegeuzwa kuwa ushahidi kwamba umejaa ndani.

Mji huo, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, upo kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, takriban meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Magharibi nchi inateremka hadi Ziwa Tanganyika. Mashariki inakatika kuelekea bonde la Ziwa Rukwa. Mgeni aingiaye kwa barabara ya Tunduma, ambayo sasa ni ya lami, hupokewa na upepo wa baridi, vilima vya nyasi na mashamba mapana ya mahindi, maharage na ulezi.

Msafiri Mskoti, Joseph Thomson, alipita Ufipa mwaka 1880. Katika kitabu chake hakusimulia habari za kutisha, bali aliwaeleza Wafipa kuwa watu wa amani waliojitoa kwa kilimo.

Kilimo hicho kina utaalamu wake. Nyasi hufukiwa ndani ya matuta ya mviringo, yaitwayo intumba, zikaoza na kuwa mbolea. Baadaye matuta hutawanywa na shamba kupandwa nafaka. Ndivyo ardhi isiyo na misitu mingi ilivyoweza kulisha watu kwa vizazi vingi.

Majembe nayo yalitoka hapohapo. Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yenye kimo cha meta tatu hivi. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuru dogo, ndipo kikafuliwa. Kazi hiyo ilififia katika karne ya 20, chuma cha bei nafuu kutoka ng'ambo kilipoenea.

Kusini, mpakani na Zambia, Mto Kalambo unaanguka zaidi ya meta 200. Jirani na maporomoko hayo, upande wa Zambia, watafiti walipata magogo yaliyochongwa na kuunganishwa. Mwaka 2023 walitangaza kuwa yana umri wa angalau miaka 476,000.

Nchi yenye mambo haya haistahili kujulikana kwa utani pekee. Jina la mji litadumu, lakini malungu ni ya udongo. Yakiachwa bila kutunzwa, kila masika hurudisha sehemu yake ardhini, na hakuna simulizi itakayoweza kuyasimamisha tena.