Mwarobaini: mti uliogeuzwa jibu la kila swali

Anayejifunza Kiswahili leo, awe mtoto aliyekulia ghorofani au mgeni aliyekuja kusoma, huenda akalikuta neno mwarobaini kwenye taarifa ya habari kabla hajaoneshwa mti wenyewe. Atasikia mwarobaini wa foleni, mwarobaini wa ajali za barabarani, mwarobaini wa wizi wa mitihani. Atajifunza upesi kwamba neno hili lina maana ya dawa ya mwisho, ile inayolimaliza tatizo lisirudi tena. Hatakuwa amekosea, kwa kuwa ndivyo linavyotumika. Hata hivyo, nashikilia kwamba sitiari hii imechukua kipande kidogo cha mti, tena kile kisicho cha kweli sana, na kwamba historia ya mwarobaini ina mengi ya kuwafaa wanaozungumzia matatizo ya umma.

Tuanze na jina. Watu huliunganisha na imani kwamba mti huu hutibu maradhi arobaini, na hakuna haja ya kudhani kwamba kuna mtu aliyeketi akayahesabu. Kwa Waswahili arobaini ni hesabu ya kitu kilichotimia. Mzazi hukaa ndani siku arobaini, marehemu husomewa hitma ya arobaini, na siku za mwizi ni hizo hizo. Kwa hiyo jina limebeba mambo mawili: wingi wa matumizi na, nionavyo mimi, uvumilivu wa kungoja muda utimie. Lugha ya majukwaani imeyaacha yote mawili. Mti mmoja uliosifiwa kwa kazi nyingi umefanywa kuwa dawa moja ya tatizo moja, tena ya papo hapo.

Asili ya mwarobaini ni Bara Hindi na nchi jirani kama Myanmar. Jina lake la kisayansi, Azadirachta indica, limetokana na maneno ya Kiajemi yenye maana ya mti huru. Huko Uhindi vijiti vyake vimekuwa miswaki kwa karne nyingi, na majani yake makavu huchanganywa na nafaka ghalani ili kuzuia wadudu. Pwani ya Afrika Mashariki nayo imeuzoea kiasi kwamba wengi huudhani wa kwao tangu mwanzo. Majani huchemshwa kwa ajili ya homa, watu huogea maji yake wakiwashwa na ngozi, na kivuli chake hubaki kizito hata kiangazi kinapokausha kila kitu. Wanasayansi wa Ulaya walichelewa kuutazama kwa makini. Mwaka 1959, nchini Sudan, mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona kundi la nzige likifyeka mimea yote na kuiacha miarobaini ikiwa na majani yake. Mwaka 1968 watafiti wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, walifanikiwa kuitenga kemikali iliyo nyuma ya jambo hilo, ambayo huitwa azadiraktini.

Namna kemikali hiyo inavyofanya kazi ndiyo inayonifanya niutetee mti dhidi ya sitiari yake. Nzige akikuta jani lililonyunyiziwa maji ya mbegu za mwarobaini haanguki palepale. Hulionja, kisha huliacha. Tunutu aliyekwisha kula kidogo huweza kuishi siku kadhaa, lakini unapofika wakati wa kujivua gamba, homoni zake huwa zimevurugika. Gamba la zamani humng'ang'ania, naye hufia humo au hutoka akiwa kilema. Hata dawa yenyewe haitengenezwi kwa pupa. Mkulima huokota matunda yaliyoiva, huondoa nyama yake, hukausha mbegu kivulini, huzitwanga, huziloweka usiku kucha, kisha huchuja maji kwa kitambaa. Hunyunyiza jioni, kwa sababu jua huiharibu azadiraktini haraka, na baada ya siku chache hulazimika kurudia. Mafuta ya mbegu hizo yana hatari yake pia: watoto wachanga walionyweshwa wamewahi kuugua vibaya na wengine kufa. Dawa ya kweli ya mwarobaini, basi, ni chungu, ya polepole, hurudiwa, na ina kipimo.

Kuna atakayesema kwamba sitiari si maabara. Mtu akiitwa simba hatudai awe na manyoya shingoni. Hoja hii ina nguvu, nami naikubali kwa sehemu: kila sitiari huchagua. Ila uchaguzi huo una matokeo. Anayemwita mtu simba huchagua ujasiri, sifa ambayo watu wanaihusisha na simba kweli. Anayetangaza mwarobaini wa foleni huchagua umaliziaji wa haraka, sifa ambayo mwarobaini haukuwa nayo kamwe. Msikilizaji naye hufundishwa kungoja barabara moja au kanuni moja ifanye kazi ambayo, kwa mfano wa mti wenyewe, ingehitaji kurudiwa msimu baada ya msimu.

Wala si kweli kwamba siasa haiwezi kuuheshimu mmea. Chama Cha Mapinduzi, kilichozaliwa mwaka 1977, kiliita ngazi yake ya chini kabisa shina na ile inayofuata tawi. Aliyewahi kukata mti alielewa mpangilio huo bila semina: tawi hunyauka shina likikatwa, wala shina halining'inii kwenye tawi. Uhusiano wa sehemu za mti ulihamia kwenye chama ukiwa mzima. Swali la kama chama kiliuishi mpangilio huo ni la makala nyingine, lakini maneno yalichaguliwa na watu waliojua wanachokisema.

Wengine watanikumbusha kwamba ni fahari kwa Kiswahili kuazima lugha ya umma kutoka uani badala ya kuitafuta ng'ambo. Naam, na ndiyo sababu sitaki neno hili liachwe. Ninachokipinga zaidi ni kitenzi kinachopenda kuandamana nalo: mwarobaini umepatikana, kana kwamba mtaalamu au waziri fulani ndiye aliyeuvumbua. Mti huu umewahi kufikishwa kwenye baraza la sheria kwa dai la namna hiyo. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza ya kutumia mafuta ya mwarobaini dhidi ya ukungu wa mimea. Vandana Shiva wa Uhindi, mbunge wa Ulaya Magda Aelvoet na shirikisho la kimataifa la kilimo hai waliipinga, wakileta ushahidi kwamba matumizi hayo yalikwisha kujulikana na kufanywa Uhindi. Mwaka 2000 ofisi hiyo iliifuta hataza. Wenye hataza walikata rufaa, na Machi 2005 rufaa yao ikatupwa: hakuna aliyekuwa amevumbua chochote ambacho wakulima hawakuwa wakikifanya tayari.