Programu Pachikwa za Kivinjari: Mombasa Kisiwani

Programu pachikwa ni programu ya kompyuta inayofanya kazi ndani ya ukurasa wa wavuti bila kusakinishwa kwenye mashine ya mtumiaji. Ukurasa ukifunguka, nayo hushuka. Ukifungwa, nayo huondoka. Ramani inayosogezwa kwa kidole, mchezo wa karata, fomu inayojijumlishia hesabu, kielelezo cha fizikia kinachomruhusu mwanafunzi kubadili uzito na kasi: zote ni za ukoo huo.

Kisiwani Mombasa habari zake zinaanzia saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti. Mteja wa saiba hulipia dakika, si mashine. Anakaa, anafanya lake, anaondoka, na mwenye duka hataki kuona kitu kipya kimesakinishwa nyuma yake. Kwa hiyo kila teknolojia ya kupachika programu ilipofika hapa ilikutana na swali moja kabla ya kutazamwa uzuri wake: inataka kisakinishwe kitu kwanza, au haitaki?

Neno kivinjari lenyewe, jina la programu inayofungua kurasa hizo, limetoka majini. Kuvinjari ni kazi ya chombo kinachozunguka pwani kikilinda au kikitafuta, na nahodha wa bandari ya Mji wa Kale angelielewa neno hilo kabla ya mhandisi yeyote.

Ulinzi wa programu hizi nao una mfano wake katika majengo ya pwani. Nyumba ya kale ya mawe ina daka, yaani sehemu ya mlangoni yenye viti vya mawe pande mbili. Mgeni hupokewa hapo, akanywa kahawa yake na kumaliza shughuli yake bila kuuona ua wala vyumba. Kivinjari nacho huiweka dakani programu iliyotoka kwa mtu asiyejulikana: inaweza kuchora, kutoa sauti na kuwasiliana na seva ilikotoka, lakini haifikii mafaili ya mwenye kompyuta. Matatizo mengi ya usalama ya miaka 30 iliyopita yalitokana na wageni waliopata njia ya kupita daka.

Mgeni wa kwanza kuvuma alikuwa apleti ya Java, yaani programu pachikwa iliyoandikwa kwa lugha hiyo. Kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliitangaza lugha ya Java Mei 1995, ikiwa kazi ya James Gosling na wenzake, na kivinjari cha Netscape Navigator 2 kikazipokea apleti. Katika kivinjari hichohicho iliingia lugha nyingine, JavaScript, ambayo Brendan Eich aliiunda kwa siku 10 tu. Majina yalifananishwa kwa sababu za kibiashara, udugu haupo. Wakati huo hakuna aliyedhani kwamba kile kilichoundwa kwa haraka ndicho kingebaki.

Intaneti ya kibiashara ilianza Kenya mwaka huohuo wa 1995, na kwa miaka mingi ilipita kwenye laini ya simu na setilaiti. Hapo hesabu ndiyo iliyoamua. Apleti ya kilobaiti 100 kwenye modemu ya kilobiti 33.6 kwa sekunde huchukua takriban sekunde 24 laini ikiwa ya mtu mmoja; wateja 10 wakiigawana, ni dakika nne za kutazama kisanduku cha kijivu huku saa ya malipo ikikimbia. Windows XP, kwenye toleo lake la kwanza la 2001, ilikuja bila Java ndani. Kuipakua Java kulimaanisha zaidi ya megabaiti 10, yaani kama dakika 40 kwenye modemu hiyo bila wa kuigawana. Apleti iliyofunguka saiba ilifunguka kwa sababu mwenye duka alikwisha kuisakinisha Java usiku, au aliinakili kutoka kwenye sidii.

Flash ilijibu swali lilelile kwa wepesi zaidi. Ilizaliwa kama FutureSplash, ikanunuliwa na Macromedia mwishoni mwa 1996, kisha Adobe wakainunua Macromedia mwaka 2005. Michoro yake ilikuwa ya mistari na hesabu badala ya picha nzito, hivyo katuni au mchezo mzima uliweza kutoshea katika kilobaiti mia chache. Nayo ilihitaji programu-jalizi, yaani nyongeza inayosakinishwa kwenye kivinjari, lakini ndogo.

Kisha zikaja nyaya za intaneti za chini ya bahari. Mkongo wa TEAMS, kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, uliwasili Mombasa Juni 2009. SEACOM ukaanza kazi Julai mwaka huo. EASSy ukafuata 2010 na LION2 mwaka 2012. Kisiwa ambacho tangu 1890 kiliunganishwa na Zanzibar kwa waya wa telegrafu chini ya bahari sasa kilikuwa lango la intaneti la nchi nzima na majirani wake. Video ndiyo iliyofaidi kwanza, na YouTube ya wakati huo ilichezwa kwa Flash.

Lakini Flash ilikuwa imekwisha kuanza kufa, na kilichoiua ni simu. Iphone haikuikubali tangu 2007, na Aprili 2010 Steve Jobs wa kampuni ya Apple alieleza hadharani kwa nini. Wakenya wengi hawakuiona hoja hiyo kwenye Iphone bali kwenye Huawei IDEOS, simu ya Android iliyoingia sokoni 2011 kwa takriban shilingi 8,000. Kichakataji chake hakikukidhi masharti ya Flash. Ukurasa uliojengwa kwa Flash ulikuwa tupu mkononi mwa mnunuzi wa Digo Road, Mombasa, sawa na mkononi mwa tajiri wa California. Novemba 2011 Adobe waliacha kuitengenezea vivinjari vya simu.

Java ilianguka kwa sababu nyingine: daka lake lilivuja. Januari 2013 Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani iliwashauri watu waizime Java katika vivinjari. Chrome ikafunga mlango wa programu-jalizi za aina hiyo 2015, Firefox 2017. Flash yenyewe ilikoma rasmi tarehe 31 Desemba 2020.

Kilichochukua nafasi yao hakisakinishwi kamwe. JavaScript, pamoja na uwezo wa kuchora ulioletwa na HTML5, ipo ndani ya kila kivinjari. Tangu 2017 vivinjari vikuu vinne vinaendesha pia WebAssembly, mfumo unaoziwezesha programu zilizoandikwa kwa lugha kama C na Rust kukimbia ndani ya ukurasa kwa kasi inayokaribia ile ya programu za kawaida.

Matunda yake yanaonekana katika bandari ya Kilindini. Wakala wa forodha anayesubiri meli hafungui programu maalumu; anafungua ukurasa wa MarineTraffic na kuziona meli kwenye ramani, zile zilizotia nanga nje na zile zinazoingia. Meli za safari za kimataifa zenye ujazo wa tani 300 na zaidi hulazimika kutangaza mahali zilipo kwa redio, na ramani hiyo hujengwa kwa matangazo hayo.

Mfano wa kinyume ni marejesho ya kodi. Mfumo wa iTax wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya kwa miaka mingi ulimtaka mlipakodi apakue fomu ya Excel, aruhusu makro zake, aijaze nje ya kivinjari, kisha airudishe. Makro hizo hazifanyi kazi kwenye simu. Fomu ya ndani ya ukurasa ilikuja baadaye kwa wenye mapato ya mshahara pekee. Ndiyo maana kila Juni, tarehe 30 ya mwisho wa marejesho inapokaribia, saiba ambazo watu walidhani zimekwisha hujaa tena.

Shuleni kuna hazina isiyotumiwa vya kutosha: vielelezo vya PhET vya Chuo Kikuu cha Colorado, mradi ulioanzishwa na Carl Wieman mwaka 2002. Vilianza kwa Java na Flash, vikaandikwa upya kwa HTML5, na vipo vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwalimu asiye na maabara anaweza kuonyesha saketi ya umeme kwenye simu moja.

Kazi za zamani nazo hazijapotea zote. Ruffle, programu iliyoandikwa kwa Rust na kugeuzwa WebAssembly, huchezesha faili za Flash ndani ya kivinjari cha leo, na Internet Archive ilianza kuitumia Novemba 2020. Mwenye sidii au diski ya miaka ile yenye katuni, somo au tangazo lililotengenezwa pwani, na faili zake zikiishia na .swf, asiitupe: azinakili, azifungue kwa Ruffle, aone zina nini.