Kutoka Bohari hadi Darasani: Chimbuko la Mafunzo ya Ugavi na Uchukuzi katika Vyuo vya Tanzania, 1965–2011

Masimulizi yaliyozoeleka kuhusu taaluma ya usimamizi wa mnyororo wa ugavi huanzia Marekani. Mwanafunzi huelezwa kwamba mwaka 1962 Peter Drucker aliwakumbusha wakuu wa viwanda kuwa usambazaji wa bidhaa ulikuwa eneo walilolipuuza kupita yote. Kwamba mwaka uliofuata liliundwa baraza la kitaifa la wasimamizi wa usambazaji. Na kwamba jina lenyewe la usimamizi wa mnyororo wa ugavi lilitolewa hadharani mwaka 1982 na mshauri wa biashara Keith Oliver. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yamebeba kejeli ambayo ni nadra kutajwa. Drucker, alipotaka kuonyesha jinsi usambazaji ulivyokuwa haujachunguzwa, aliupa jina lile lile la giza ambalo wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 walilibandika bara la Afrika. Tanganyika wakati huo ilikuwa na miezi minne tu ya uhuru, na jinsi ya kufikisha mzigo mahali unapohitajika halikuwa suala la nadharia hata kidogo.

Insha hii inadai kwamba mafunzo ya ugavi nchini Tanzania hayakuzaliwa na vitabu vya Marekani, ingawa baadaye yaliviazima. Yalizaliwa na dharura mbili tofauti. Ya kwanza ilikuwa dharura ya njia, iliyoletwa na masaibu ya Zambia baada ya mwaka 1965. Ya pili ilikuwa dharura ya ghala, iliyoletwa na uhaba wa bidhaa wa miaka ya 1970 na 1980. Kila moja iliacha vyuo vyake, msamiati wake na namna yake ya kumtazama mtaalamu. Sheria za ununuzi wa umma zilizotungwa kuanzia mwaka 2001 ziliukuza mkondo mmoja kwa kasi kubwa na kuuacha mwingine ukitambaa, na athari ya jambo hilo bado inasomeka katika mitaala.

Msamiati wenyewe ni ushahidi wa kwanza. Mtu aliyetunza vifaa vya serikali aliitwa mtunza bohari, au kwa lugha ya kila siku mtunza stoo. Kazi yake ilikuwa kupokea, kuandika katika leja, kutoa kwa hati iliyosainiwa, na kujibu maswali ya mkaguzi. Neno ugavi lina asili nyingine kabisa. Limetokana na kitenzi kugawa, na kwa hiyo lina mwelekeo wa mpokeaji: anayegawa humtazama yule anayestahili kupata, ilhali mtunza bohari hulitazama rafu lake. Kuhama kutoka cheo cha mtunza bohari kwenda cha afisa ugavi kulikuwa zaidi ya kubadili jina. Kulimaanisha kukubali kwamba kitu kilichotunzwa vizuri na kisimfikie mhitaji ni hasara sawa na kilichoibiwa. Kwamba wazo hilo lilichukua miongo miwili kukubalika ni jambo la kueleweka, kwa kuwa mtunza bohari aliyekutwa na upungufu wa vifaa aliweza kufungwa, lakini aliyekutwa na vifaa vilivyooza hakuulizwa kwa ukali ule ule.

Chuo cha Elimu ya Biashara kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965, kwa nia ya kuwapata Watanzania wa kushika kazi za uhasibu, biashara na utunzaji wa vifaa. Mwaka huo huo, tarehe 11 Novemba, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru kule Rhodesia, na ramani ya uchukuzi ya Afrika ya Kati ikapinduka. Hadi siku hiyo, shaba ya Zambia ilikuwa ikisafirishwa kwa reli kupitia Rhodesia hadi kwenye bandari za Msumbiji, na mafuta ya Zambia yakiingia kwa mlango huo huo wa kusini. Vikwazo vya mafuta vilipowekwa mwezi Desemba, Zambia ilijikuta ikitegemea mapipa yaliyobebwa kwa ndege, na malori yaliyopita kwenye barabara ya udongo kutoka Dar es Salaam, barabara ambayo madereva waliibatiza jina la njia ya jehanamu.

Yaliyofuata katika miaka kumi hayana mfano katika historia ya uchukuzi ya eneo hili. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968. Mkataba wa reli ya TAZARA ulitiwa saini na China mwaka 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na reli yenye kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976, kwa mkopo usio na riba. Barabara kuu ya kuelekea Zambia ikawekwa lami. Vijana wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea uendeshaji wa reli, na Mpika, upande wa Zambia, kukajengwa chuo cha mafunzo ya reli hiyo. Kwa mtazamo wa wahandisi na wanasiasa, tatizo lilikuwa limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Mwezi Oktoba 1978, miaka miwili tu baada ya kukabidhiwa kwa reli, Rais Kaunda alilazimika kufungua tena njia ya kusini aliyokuwa ameifunga mwaka 1973, kwa sababu mbolea iliyohitajika kabla ya mvua ilikuwa imekwama njiani na bandarini. Tukio hili linastahili kupewa uzito mkubwa kuliko linavyopewa katika historia za TAZARA, ambazo kwa kawaida huishia kwenye sherehe za makabidhiano. Reli ilikuwepo, bandari ilikuwepo na fedha za mbolea zilikuwa zimekwisha kutolewa. Kilichokosekana ni mpangilio: mabehewa yaliyoshushwa mzigo hayakurudi kwa wakati, vichwa vya treni viliharibika kuliko ilivyotarajiwa, na meli zilisubiri nje ya bandari ambayo ghala zake zilijaa mizigo isiyokuwa na behewa la kuibeba. Aidha, TAZARA ilijengwa kwa upana wa milimita 1,067 ili iungane na reli za kusini mwa Afrika, wakati Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000. Behewa la reli moja halikuweza kupita kwenye nyingine. Mkulima wa Zambia aliyepanda bila mbolea hakuathiriwa na uhaba wa miundombinu. Aliathiriwa na uhaba wa watu waliofundishwa kuiona njia yote, kutoka melini hadi shambani, kuwa kitu kimoja.

Ni katika mazingira hayo ambapo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilianzishwa mwaka 1975, kikiwa tawi la mafunzo la Shirika la Taifa la Usafirishaji. Miaka miwili baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mashirika ya pamoja ya reli na bandari yakagawanywa. Mgawanyo wa vichwa vya treni na meli umeandikwa sana. Mgawanyo wa elimu haukuandikwa vya kutosha. Mafunzo ya juu ya reli yalikuwa yakitolewa Nairobi, na baada ya mwaka 1977 Tanzania ililazimika kufundisha watu wake nyumbani. Sheria Na. 24 ya mwaka 1982 ilikifanya Chuo cha Usafirishaji kuwa taasisi inayojitegemea. Mkondo wa njia ukawa umepata nyumba yake.

Mkondo wa ghala ulikuwa na historia yenye machungu zaidi. Baada ya Azimio la Arusha, biashara ya jumla na uagizaji wa bidhaa kutoka nje viliwekwa chini ya shirika moja la umma, ambalo mwaka 1973 lilivunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na kampuni za biashara za mikoa. Mwaka 1976, Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi vijijini ili maduka ya ushirika yachukue nafasi, na katika sehemu nyingi duka la zamani lilifungwa kabla jipya halijawa na bidhaa. Vikafuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, pamoja na upungufu wa fedha za kigeni. Sabuni, sukari, khanga na vipuri vikawa adimu, na mwaka 1983 serikali ikaendesha kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi.

Kampeni ile kwa kawaida hujadiliwa kama suala la siasa na sheria. Katika historia ya ugavi ina maana nyingine. Ilidhihirisha kwamba dola ilikuwa na maelezo mawili tu ya uhaba, yaani kutozalishwa au kufichwa. Maelezo ya tatu, kwamba bidhaa zinaweza kuzalishwa na zisifichwe na bado zisimfikie mtu kwa sababu ya makisio mabaya, maagizo yaliyochelewa na magari yasiyo na matairi, hayakuwa na msemaji. Hata hivyo, msemaji huyo alikuwa ameanza kutengenezwa. Sheria Na. 9 ya mwaka 1981 ilikuwa imeunda bodi ya taifa ya usimamizi wa vifaa, yenye jukumu la kuwasajili na kuwatahini watu wa fani hii. Kwa mara ya kwanza mtunza bohari alikuwa na mitihani ya kitaaluma, daraja la kupanda, na chombo cha kumtetea. Chuo cha Elimu ya Biashara na Chuo cha Uongozi wa Maendeleo cha Mzumbe, kilichoundwa mwaka 1972, vikawa miongoni mwa vyuo vya kuwaandaa watu hao.

Sekta ya dawa inaonyesha vizuri zaidi tofauti kati ya kutunza na kugawa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark, zahanati na vituo vya afya vilipelekewa makasha ya dawa muhimu yaliyofungwa tayari, yenye vitu vile vile kwa kila kituo. Mpango huo uliokoa maisha, kwa sababu kabla yake vituo vingi havikuwa na dawa kabisa. Lakini kasha halikujua kwamba kijiji kimoja kina malaria kuliko kingine. Dawa zilijaa pale zisipohitajika na kuisha pale zilipohitajika. Bohari Kuu ya Dawa, iliyoundwa kwa Sheria Na. 13 ya mwaka 1993, ilirithi tatizo hilo, na hatua kwa hatua mfumo ukageuzwa ili kituo chenyewe kiagize kulingana na matumizi yake. Kwa lugha ya darasani, mnyororo wa kusukuma ulibadilishwa kuwa mnyororo wa kuvuta. Ni mageuzi yaliyotimiza hasa maana ya neno ugavi.

Kisha ikaja sheria. Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 3 ya mwaka 2001 ilifuatwa na Sheria Na. 21 ya mwaka 2004, iliyounda Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma na kuitaka kila taasisi ya umma kuwa na kitengo cha usimamizi wa ununuzi. Sheria Na. 23 ya mwaka 2007 iliigeuza bodi ya 1981 kuwa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, na Sheria ya Ununuzi ya mwaka 2011 ikaimarisha utaratibu huo. Kwa taaluma iliyoanzia kwenye leja ya stoo, huu ulikuwa ushindi usio na kifani. Kila wizara, halmashauri, chuo na hospitali ya umma sasa ilihitaji watu wenye sifa hizo, na vyuo vikajibu. Mzumbe, iliyopandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 2001, pamoja na Chuo cha Elimu ya Biashara na Chuo cha Usafirishaji, viliandaa shahada zenye jina la ununuzi ndani yake. Hata chuo cha njia, kwa hiyo, kikajifunza lugha ya zabuni.

Ushindi huo ulikuwa na gharama. Sheria iliumba ajira kwa kuumba utaratibu, na mtaala ukafuata ajira. Kutangaza zabuni, kufungua zabuni, kutathmini, kutunza kumbukumbu za mkaguzi: haya ndiyo maarifa ambayo mwajiri wa umma aliyahitaji. Makisio ya mahitaji, upangaji wa njia na uhusiano kati ya meli, reli na lori vilibaki kuwa masomo ya kukamilisha shahada. Inawezekana kutetea hali hiyo, kwa kuwa fedha za umma zilikuwa zikipotea kwenye manunuzi, na hakuna ugavi bila uadilifu. Lakini hoja ya uadilifu ni hoja ya mtunza bohari iliyovaa joho la chuo kikuu. Inauliza kama kitu kilinunuliwa kihalali, kabla ya kuuliza kama kilifika.

Wakati huo huo, mzigo mzito zaidi wa mfumo wa kuvuta ulikuwa umeangukia kwa mtu ambaye hakuhusika na shahada hizo. Katika zahanati, fomu ya kuagiza dawa hujazwa na muuguzi au tabibu baada ya kuwahudumia wagonjwa wa siku. Ndiye anayehesabu kilichobaki, anayekadiria matumizi ya miezi ijayo, na anayeamua kiasi cha kuomba. Kosa lake la hesabu huonekana bohari kama agizo sahihi, na hutekelezwa.